Tuige mita 150 za Bujumbura?

SWALI: Niko kwenye kamati ya mtaa huku Ujiji. Tangu ziwa lilipofurika 2021, na tena 2024, kila kikao kuna anayesema twende Bujumbura tuwaige Warundi: sheria yao inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, yetu ya mazingira ya 2004 ni mita 60 tu. Wewe mtu wa mipango miji unasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, Bujumbura nendeni, ila msirudi na namba peke yake. Gatumba, pembeni mwa mji ule, iko kwenye tambarare ya mto Rusizi na imefurika mara kadhaa, sheria ikiwepo.

Shida ni kwamba mita hizo zinapimwa kwa kulala, na maji yanapanda kwa kusimama. Pale ardhi inapoinuka mita moja tu kwa kila mita 100 za kwenda nchi kavu, ziwa likipanda mita moja linakufuata mita 100. Mita zako 60 zimeshamezwa. Kwenye mteremko mkali, unaoinuka mita moja kila mita tano, maji hayohayo yanasogea hatua chache tu. Kigoma ina vyote viwili: vilima vinavyoshuka hadi majini, na sehemu bapa kama mwalo wa Kibirizi. Mita 150 juu ya kilima ni kumnyima mtu kiwanja bure.

Wala maji haya si mageni. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, Kongo. Karne ya 19 mto huo uliziba, ziwa likapanda miaka mingi hadi lilipouzibua tena, kisha likashuka. Ndiyo maana mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo Ujiji 1871, leo uko mbali na maji.

Kwa hiyo chukueni mpira wa maji wa mafundi, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa kupimia usawa. Tafuteni ukuta wenye alama ya mafuriko ya 2024. Kwa kawaida ni mstari wa kahawia chini ya dirisha. Hamisheni kimo hicho nyumba hadi nyumba, mkipiga rangi. Mstari utakaopatikana utapinda-pinda, na huo ndio mpaka wenu wa kweli.

Bujumbura waulizeni yale ambayo sheria haiyasemi. Waliokuwa wameshajenga walifanywaje? Wenye hati je? Nani anapita kukagua, na analipwa na nani? (Ziara nyingi nilizosindikiza ziliishia kwenye picha za pamoja na chakula cha mchana.) Mpelekeni mpima ardhi na mvuvi mmoja wa mwaloni, si viongozi watupu.

Ila nauli msiiombe kabla ya kazi ya mpira. Jumamosi mbili zinatosha.