Eneo au uso? Lugha ya kupima udongo wa barabara

Msomaji wetu wa Embakasi huchora barabara kwa kompyuta na anawaandikia wenzake mwongozo wa kazi. Ameuliza kama sentensi yake hii ni sanifu: "Badilisha sehemu mtambuka kuwa maeneo ili upate ujazo wa kukata na wa kujaza." Yaani anataka kujua udongo kiasi gani utachimbwa na kiasi gani utajaziwa.

Kisarufi imesimama. Kasoro iko kwenye maana, na kubwa zaidi ni hilo neno "maeneo".

Eneo ni ukubwa, nao hupimwa kwa mita za mraba. Uso ni sura ya juu ya kitu, pamoja na mabonde na miinuko yake. Ndiyo maana tunasema uso wa maji, uso wa dunia. Tuseme mkato mmoja wa ardhi, yaani hiyo "sehemu mtambuka" yako, una eneo la mita za mraba 12 na unaofuata 18, na kati yao ni mita 20. Wastani ni 15. Zidisha kwa 20, unapata mita za ujazo 300. Hesabu hiyo inahitaji maeneo tu, wala haigusi uso wowote. Kijana akisoma "maeneo" ataishia hapo na kuzima kompyuta, kumbe ulitaka aunde nyuso mbili, mmoja wa ardhi ilivyo na mwingine wa barabara itakavyokuwa, ili programu ipime nafasi iliyo kati yao. Andika "nyuso", na upatanishe: uso huu, nyuso hizi.

"Sehemu mtambuka" imezoeleka, lakini sehemu ni kipande. Hapa ardhi imekatwa kama mkate ili tuione ubavuni, kwa hiyo "mkato" unafaa zaidi. Mtambuka au wa kukingama? Mimi napenda kukingama: kila mtu anajua mti uliokingama njiani umelalaje.

Kitenzi "badilisha" nacho kinapotosha, kwa sababu mkato mmoja haugeuki kuwa uso. Sema "unda uso kutokana na mikato", kwa wingi, kwani kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Katika mchoro mikato imelala bapa, mmoja juu ya mwingine. Kila mmoja lazima upelekwe kwenye umbali wake barabarani, mathalani 0+120 (mita 120 tangu mwanzo wa barabara), uzungushwe ukingame na mstari wa katikati, kisha usimamishwe kwenye kimo chake halisi. Kabla ya hapo kagua kipimo cha wima. Wachoraji hukikuza ili miinuko ionekane. Kikiwa kimekuzwa mara 5 na ukasahau kukirudisha, ujazo nao utatoka mara 5 ya ulio halisi.

Halafu, ukifika hatua ya kuunganisha mikato, neno "unganisha" lisiachwe peke yake. Unganisha nini na nini? Ukingo wa lami na ukingo wa lami, kitako cha mtaro na kitako cha mtaro, kutoka mkato hadi mkato. Bila mistari hiyo ya kingo, programu huunda pembetatu kwa kufuata nukta zilizo karibu, na pembetatu moja ikiruka mtaro, mtaro umezibwa kwenye hesabu bila mtu kujua.

"Ujazo wa kujaza" hukwaza ulimi, maana yote mawili yametoka kwenye -jaa. Kauli ya kutendea inatuokoa: kama tunavyosema kisu cha kukatia nyama, tuseme "udongo wa kujazia". Mwenzake awe "udongo wa kuchimbwa". Sentensi basi iwe: "Unda nyuso kutokana na mikato ili upate ujazo wa udongo wa kuchimbwa na wa kujazia."

Kwa kuwa uko Embakasi, ongeza safu ya tatu kwenye jedwali: "udongo wa kutupwa". Ule udongo mweusi wa huko hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo haufai kujazia, na ujazo wake usipunguzwe kwenye hesabu ya udongo wa kujazia unaohitaji kuletwa kwa lori.