Mstari wa GPS haujui maji kupwa

Ukinunua boti yako ya kwanza, fundi atakufungia GPS, atakuonyesha kitufe cha kuhifadhi njia, nawe utajiona nahodha. Nami nilijiona. Njia yangu ya kwanza niliihifadhi nikitoka Mtwapa saa kumi jioni, siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, maji yameingia hadi ndani ya mikoko, nikakata kona juu ya mwamba bila kujua. Siku mbili baadaye nikarudi saa tano na nusu asubuhi, juu ya mstari uleule. Propela ikakwaruza mwamba.

Mstari haukuwa na kosa. Hapa Mombasa, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Basi kila njia unayohifadhi, andika kando siku ya mwezi tangu uandame, na saa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Wazee huhesabu hayo kwa vidole; wewe hesabu, halafu hakikisha kwenye jedwali la maji.

Dira usiing'oe. Toka nje ya mwamba wakati wa upepo wa kusi, elekeza omo, yaani mbele ya boti, mashariki, uone GPS ikikuandikia kaskazini-mashariki. Hakuna kilichoharibika: dira inasema omo imeelekea wapi, GPS inasema boti inakwenda wapi. Tofauti hiyo ni mkondo, nao pwani yetu huvuta kaskazini. Betri ikizima, rudi ukiwa umeelekeza omo kusini kidogo ya unakokusudia. Ila simu na spika zikae mbali na dira. Nilihangaika wiki nzima na dira “mbovu”, kumbe baharia wangu alikuwa akichomeka kisu cha samaki chini yake!

Na bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, je? Wengi huicheka, maana kipima kina cha umeme kinaonyesha mita papo hapo. Sawa, lakini kabla ya kutia nanga usiku, paka shahamu chini ya risasi ya bildi, uitumbukize. Ikirudi na mchanga au matope, tia nanga ulale. Ikirudi tupu, chini ni mwamba: sogea, la sivyo asubuhi utaikata kamba na kuiacha nanga hukohuko.