Jibu kwa mwenye duka la mikate Kayole kuhusu kibarua wa miezi minane

Dada uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Unasema una duka la mikate Kayole, hapa Nairobi, lenye wafanyakazi wanne, wote wakilipwa kwa siku kupitia M-Pesa. Kwamba mmoja wao, aliyekaa kwako miezi minane bila mkataba wa maandishi, hakufika kazini siku tatu mfululizo wiki jana, na kwamba pesa za mauzo zilipungua shilingi 3,400 katika zamu zake. Sasa unataka kumtumia ujumbe kwamba asirudi, kisha uzikate pesa hizo katika malipo yake ya mwisho, na unauliza kama kibarua ana haki yoyote ya kukushtaki. Mimi si wakili. Nina karakana ya samani Kariobangi, na hilo unalotaka kulifanya mimi nililifanya miaka michache iliyopita.

Fundi wangu alikuwa amefanya kazi miezi 14, kwa shilingi 1,200 kwa siku. Mbao za mahogani zenye thamani ya shilingi 22,000 zilipotea usiku, na mlinzi wa jirani akaniambia alimwona akizipakia kwenye mkokoteni. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo, nikamwambia nisimwone tena, na malipo ya siku nne alizokuwa akinidai nikayazuia. Baada ya wiki tatu nikaitwa na afisa wa leba.

Kikaoni nilijitetea kwa neno moja tu: kibarua. Afisa hakubishana nami. Alimwomba fundi atoe taarifa yake ya M-Pesa, na pale mezani zikawekwa kurasa zenye jina langu karibu kila jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa miezi yote 14. Kisha akanisomea kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kwa maneno mepesi, kibarua anayefanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo kwa jumla zinafika mwezi mmoja, au anayepewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, hata kama wewe unaendelea kumlipa kila jioni. Mtu huyo, isipokuwa anapofutwa kwa kosa kubwa, hawezi kuondolewa bila notisi ya siku 28 au malipo badala yake, na akishapitisha miezi miwili anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Wako ana miezi minane, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyeshughulika kuukanusha wizi. Afisa aliuliza swali jingine kabisa: ni lini nilimketisha mtu huyu, nikamweleza tuhuma kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na nikamsikiliza? Kifungu cha 41 kinadai hivyo hata pale unapomfuta mtu papo hapo kwa kosa kubwa. Kwa mujibu wa sheria hii, kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na pia utaratibu wa haki. Mimi nilikuwa na moja, tena kwa ushahidi wa mlinzi ambaye baadaye alikana kuona chochote.

Tulipatana bila kufika mahakamani. Nililipa mwezi mmoja wa notisi, yaani 31,200. Likizo ya mwaka ya siku 21 ambayo hakuwahi kupewa, 25,200. Siku nne nilizozuia, 4,800. Malipo ya utumishi ya siku 15 kwa kuwa sikuwa nimemwandikisha NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, 18,000. Na fidia ya miezi miwili, 62,400. Jumla shilingi 141,600, kwa mbao za 22,000. Niliambiwa nishukuru, maana mahakama ingeweza kutoa fidia inayofika mshahara wa miezi 12.

Tukirudi kwako, usitume ujumbe huo. Kwanza muulize kwa maandishi alikuwa wapi siku zile tatu, umpe muda wa kujibu. Ikiwa alikuwa mgonjwa na ana cheti cha daktari, hilo si kosa: mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili, katika kila mwaka, angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu. Akikosa maelezo ya kuridhisha, mwite kwenye kikao, aje na mwenzake, mtu mmoja aandike yanayosemwa na wote mtie sahihi. Kikao cha nusu saa nyuma ya duka kinatosha. Ukiishia kumwachisha, mlipe siku zake zote alizofanya kazi, notisi inapostahili, na likizo aliyoikusanya, ambayo ni siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Kwa miezi minane ni siku 14.

Kuhusu zile 3,400, hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko unavyodhani. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, lakini kwa yule ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Wewe huna mkataba wowote. Tena umeandika kwamba droo hiyo hufunguliwa na watu watatu. Utathibitishaje kwamba ni yeye?

Wafanyakazi wako watatu wanaobaki waandikie mikataba wiki hii. Sheria inamtaka mwajiri, si mwajiriwa, ahakikishe kazi ya miezi mitatu au zaidi ina mkataba wa maandishi, na mkifikishana mahakamani bila karatasi hiyo, mzigo wa kukanusha anachodai mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi unakuwa wako. Waandikishe pia NSSF na bima ya afya ya jamii ya SHIF, ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara wao, na usisahau ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 kutoka kwao na 1.5 kutoka kwako. Najua faida ya mikate ni ndogo. Ya samani nayo ni ndogo.

Na huyo anayeondoka, akiondoka, mpe cheti cha utumishi kinachotaja alianza lini, alifanya kazi gani na aliacha lini. Hulazimiki kumsifu ndani yake. Changu nilikiandika kwa mkono palepale ofisini, na fundi akaniomba nirekebishe tarehe ya kuanza, kwa sababu nilikuwa nimekosea kwa wiki mbili.