MRI imeonyesha diski, mbona daktari ananipeleka kwa mwanasaikolojia?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46, naishi Morogoro. Mgongo unaniuma mwaka wa tatu sasa, tangu nilipoanguka na bodaboda. Nimechomwa sindano, nimemeza dawa, nimeanza mazoezi nikayaacha baada ya wiki tatu kwa sababu maumivu yalizidi. MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ikaonyesha diski moja (kile kimto kati ya pingili za mgongo) imevimba kidogo. Daktari wa mifupa akasema haihitaji upasuaji, akaniandikia nikamwone mwanasaikolojia. Nilitoka pale nalia. Mume wangu akaniuliza, "Kwani umekuwa chizi?" Naomba unieleze kitaalamu: maneno yanatibuje mgongo? Au daktari amenichoka?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Miaka mitatu ya kuumwa ni mingi, na kuumwa huku watu hawakuamini ni mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Maumivu yako ni ya kweli. Kutumwa kwetu sisi wanasaikolojia hakumaanishi kwamba unajitungia, na sidhani kama daktari wako amekuchoka. Nadhani alikuandikia karatasi bila kukueleza sababu, na kwa hilo una haki ya kuumia.

Mgongo hupeleka taarifa. Taarifa hiyo hupita kwenye uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua iume kiasi gani. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba ubongo nao hutuma amri za kulifungua au kulibana. Wewe mwenyewe umeshaliona hilo kazini. Umekesha unamalizia gauni la bibi harusi, sindano ikakuchoma, ukaona tone la damu kwenye kitambaa kabla hujasikia chochote. Kidole kimetoboka, lakini akili yote iko kwenye gauni. Hofu, usingizi mbovu na hasira hufanya kinyume chake: jeraha likiwa lilelile, maumivu yanakuwa makali zaidi.

Maumivu yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Hapo mara nyingi mishipa ya fahamu imeshajifunza kupiga kelele haraka mno. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sina mfano bora wa kuelezea mwili uliowahi kuanguka na bodaboda. Jeraha la mwanzo huenda lilishapona, ila kila ukiinama kuokota uzi, mwili unaona nyoka.

Vipi kuhusu ile diski? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu ambao migongo haikuwa inawauma kabisa. Kwa wenye umri wa miaka 50, takriban 60 katika kila 100 walikuwa na diski zilizovimba. Kwa hiyo uvimbe mdogo kwenye picha hautoshi kueleza miaka mitatu ya mateso, wala si ushahidi kwamba mgongo wako "umeisha".

Ukija kwetu, sitaanza kwa kukuuliza habari za utotoni mwako. Nitakuuliza: ukishakaa kwenye cherehani, unainuka baada ya muda gani? Nikikisia, siku ya nafuu unakaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, hasa msimu wa sare za shule, kwa sababu kazi zimelundikana. Kesho yake huinuki kitandani. Unapumzika siku mbili, unapata nafuu, unarudia yaleyale. Maumivu ndiyo yanayokupangia ratiba. Sisi tunamkabidhi saa kazi hiyo. Kama maumivu hupanda baada ya dakika 30, tunaanza na 20. Unaweka kengele ya simu. Ikilia unainuka, hata kama umebakiza mkono mmoja wa shati, unatembea hadi mlangoni na kurudi. Kila wiki tunaongeza dakika chache. Siku mbaya hupunguzi ovyo, siku nzuri huzidishi. Linaonekana jambo dogo, lakini wagonjwa wangu wengi huliona gumu kuliko yote, maana kuinuka wakati huumwi kunaudhi.

Halafu kuna hofu. Uliacha mazoezi kwa sababu yaliuma, na naelewa kwa nini. Lakini kuuma si kuumia. Misuli iliyokaa miaka mitatu bila kazi italalamika ikiamshwa, na malalamiko hayo si dalili kwamba kitu kinachanika. Tunaandika wazo lenyewe kama lilivyo kichwani, kwa mfano "nikiinua ndoo nitapooza", kisha tunalijaribu taratibu tukishirikiana na mtaalamu wa fiziotherapia: ndoo yenye lita tatu, kisha tano, ukiangalia kilichotokea kweli na ulichokiogopa. Hapo ningependa sana mumeo awepo. Si kwa ajili ya kumlaumu. Mtu wa nyumbani anayesema "acha, usiinue" kwa upendo, au "unajifanya" kwa hasira, anaingia katika ugonjwa wenyewe bila kujua.

Tutazungumza pia yale ambayo maumivu yamekunyang'anya. Wanawake wengi wenye mgongo huniambia wameacha kwenda misibani kwa sababu hawawezi kukaa kwenye mkeka, na majirani wanasema wana maringo. Hilo linauma kuliko mgongo. Basi tunalifanya kuwa lengo la tiba: utakwenda msibani nusu saa, utamwambia mwenyeji mapema, utakaa kwenye kigoda, utaondoka saa uliyopanga. Hatusubiri maumivu yaishe ndipo maisha yaanze.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaopitia tafiti za tiba, lilipitia majaribio 75 yenye washiriki zaidi ya 9,000. Tiba ya kubadili fikra na mienendo ilipunguza maumivu, ulemavu wa kazi na huzuni, lakini kwa kiasi kidogo. Kuna jaribio moja la Colorado, Marekani, lenye watu 151 wenye maumivu ya mgongo, ambapo 66 katika kila 100 waliopata tiba ya kisaikolojia kwa wiki nne walibaki bila maumivu au wakiwa na maumivu hafifu tu, dhidi ya 10 katika kila 100 waliobaki na matibabu yao ya kawaida. Nalitaja kwa furaha, lakini siwezi kukuahidi matokeo hayo. Ninachotarajia kwako ni usingizi bora, saa nyingi zaidi za kazi, na mgongo usiokutawala.

Kuna dalili ambazo haziningojei mimi: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu pia vinahitaji daktari haraka, maana hapa nchini kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo. Na ukifika mahali pa kuona heri ufe, mwambie mtu leo.

Dawa usiache ghafla. Ukiandikiwa amitriptilini usiku ukasoma kwenye karatasi yake kwamba ni ya sonona, usiitupe; kwa dozi ndogo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu. Sindano za diklofenaki za kujinunulia dukani kila wiki, hizo naomba uzijadili na daktari, maana zinaweza kudhuru tumbo na figo zako.

Kabla ya kwenda, chukua daftari lako la vipimo vya wateja, tenga kurasa saba za mwisho. Kila siku andika dakika ulizokaa kwenye cherehani kila mkao, ulilalaje, na kesho yake ulikuwaje. Mtaalamu utakayemwona ataanzia hapo.