Si roho mbaya ya watu wa feri

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma. Mama mmoja mwenye kapu la maandazi kaanguka kwenye feri ya Likoni, umati ukamzunguka kumtazama, na kitambo kikapita kabla kijana mmoja hajamwinua. Ukaniuliza: "Mama, watu wa Mombasa tumeingiwa na roho gani?"

Swali hilo hilo waliulizana watu wa New York mwaka 1964, alipouawa mwanamke mmoja, Kitty Genovese. Gazeti liliandika kwamba mashahidi 38 walitazama tu. Baadaye ilibainika hesabu ile ilitiwa chumvi, lakini wakati ule wengi walisema mji umewafanya watu kuwa na moyo mgumu. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, hawakuridhika. Walishuku kwamba tatizo ni wingi wenyewe: wakiwa wengi, kila mtu hudhani mwenziwe atatenda.

Ungesimama Likoni ukahesabu wanaosaidia penye wengi na penye wachache, ungepata uhusiano tu, sababu usiijue. Huenda wanaovuka alfajiri wana haraka ya kazi na wa adhuhuri hawana. Ndipo Darley na Latané wakafanya jaribio, likachapishwa 1968. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake akizungumza na wenziwe kwa kipaza sauti, naye hajui kwamba sauti zao zimerekodiwa. Ghafla mmoja akaanza kubabaika na kuomba msaada, kama aliyeshikwa na kifafa. Kuna walioaminishwa kwamba ni wao tu wanaomsikia, na walioaminishwa kwamba wanne wengine wanamsikia pia. Nani aingie kundi lipi iliamuliwa kwa kubahatisha, na nguvu ya jaribio iko hapo: wenye huruma na wenye haraka hutawanyika makundi yote, ikabaki idadi tu kuwa tofauti.

Waliodhani ni wao peke yao, asilimia 85 walikwenda kuita msaada kabla kifafa hakijaisha. Waliodhani kuna wanne wengine, asilimia 31.

Na hili ulishike sana, mwanangu. Walionyamaza hawakuwa na moyo mkavu. Mtafiti alipoingia chumbani, wengi mikono ilikuwa ikiwatetemeka, viganja vimeloa jasho, wakiuliza kama mgonjwa ameshughulikiwa. Lakini walipoulizwa iwapo kuwepo kwa wengine kuliwaathiri, walikana. Ndiyo maana sikubali hojaji peke yake: ungewahoji abiria wako, kila mmoja angekupa sababu yake, na angeiamini kwa dhati.

Likoni si New York, na mwanafunzi wa chuo si abiria wa feri. Ukitaka kujua ya kwetu, chukua wenzio wawili mwende soko la Kongowea, mmoja aangushe kapu la ndimu penye watu. Rusheni shilingi kila mara kabla ya kuanza: ikiangukia upande huu, aombe msaada kwa wote; ikiangukia upande wa pili, amwelekee mtu mmoja, asipate kudhani mwenziwe atatenda, "Wewe kaka mwenye kanzu ya kijivu, nisaidie." Anayehesabu wanaoinama asiambiwe mnatarajia nini. Mkimaliza, waelezeni watu mlichokuwa mkifanya, na asiyetaka kuhesabiwa mfuteni. Ila kwenye feri msithubutu. Ule mteremko una utelezi na umati husukumana.

Wasalaam,
Mamako