Ada ya mwaka ya kadi baada ya kufilisika: dada, usiilipe kwa hofu

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Uko hapa Marekani, ulifilisika kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile inayofuta madeni, na mahakama imekufutia madeni miezi 16 iliyopita. Una kadi ya mkopo ambayo mwisho wa kukopa (kikomo) ni dola 300, na ambayo mwaka wa kwanza ilikukata ada ya dola 75, na sasa wamekuandikia kwamba mwaka wa pili ada ni dola 45 na juu yake dola 6.25 kila mwezi. Unayo pia kadi ya dhamana, yaani uliyoweka pesa yako kwanza ndipo ukapewa, ya chama cha akiba na mikopo, haina ada, ina miezi saba. Ile ya ada unataka kuifunga, ila watu wamekutisha kwamba ukiifunga alama zako za krediti, zile wakopeshaji wanazotumia kukupima kama unalipa vizuri, zitaporomoka. Hofu hiyo nimeishi nayo na ilinigharimu, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Mimi nilikuwa na lori langu Texas. Injini ikafa, nikaitengeneza kwa kadi. Mke wangu akalazwa, bili za hospitali zikaja juu ya zile za injini. Mwaka 2017 nikafungua kesi ya Sura ya 7. Nilipofutiwa madeni tu, sanduku la barua likaanza kujaa bahasha za kadi, zote zinasema nimekubaliwa. Nilishukuru Mungu, nikadhani nimehurumiwa. Baadaye ndipo nilipoelewa: aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 hafutiwi tena kwa sura hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu siku aliyofungua kesi ya kwanza. Na madeni ya zamani hana tena. Wakopeshaji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, na wanajua pia kwamba wakati huo mtu anapokea chochote anachopewa.

Nikachukua kadi kama hiyo yako. Taarifa ya kwanza ya akaunti bado naiona mbele ya macho: sijanunua hata soda, tayari nadaiwa dola 75 na limebaki 225 la kutumia. Robo ya kikomo imekwenda. Na kumbuka kwamba kwenye FICO, aina ya alama za krediti ambayo wakopeshaji wengi huitumia, unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni deni lako likilinganishwa na kikomo. Kwa hiyo ada yenyewe ilikuwa inanikalia shingoni kabla sijaitumia kadi.

Hizo dola 75 hazikuja kwa bahati. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inasema ada za mwaka wa kwanza baada ya akaunti kufunguliwa zisizidi asilimia 25 ya kikomo, ukiacha faini za kuchelewa na mengine machache. Robo ya 300 ni 75, kamili. Mwaka wa kwanza ukiisha, ukomo huo nao umeisha, na hapo ndipo ada ya kila mwezi inapojitokeza. Piga hesabu yako: 6.25 mara 12 ni dola 75, ongeza 45, unapata 120. Dola 120 kwa mwaka ili uruhusiwe kutumia 300! Kwenye chama chako uliweka dhamana, lakini hiyo ni pesa yako, itarudi. Hii hairudi.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili nilikuwa nimepata kadi nzuri zaidi, nikaiweka ile ya kwanza kwenye droo bila kuifunga, kwa sababu ya maneno hayo hayo uliyoambiwa. Nikaamini kadi isiyotumika haidai. Ada ya mwaka ikaingia nikiwa safarini, na taarifa zilikuwa zinakwenda kwenye anwani yangu ya zamani. Nilipokuja kushtuka, malipo yalikuwa yamechelewa siku 41. Zikipita siku 30 benki inaweza kukuripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza ripoti za krediti za watu, na mimi niliripotiwa. Alama nilizozipandisha kwa mwaka mzima mpaka 644 zikashuka mpaka 571. Kwa ada ya kadi ambayo sikuigusa. Aliyefilisika akichelewa tena, mkopeshaji anasoma kwamba hajabadilika, na hilo linauma kuliko ile dola yenyewe.

Tuje kwenye kufunga. Wanaokwambia kwamba ukifunga kadi umri wake unafutika hapohapo, wamekosea. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi huendelea kuonekana kwenye ripoti mpaka miaka 10, na FICO inaendelea kuhesabu umri wake. Ufilisi wenyewe wa Sura ya 7 nao unakaa miaka 10 tangu siku ya kufungua kesi, kwa hiyo akaunti hiyo itakapotoka, hata huo utakuwa umeshatoka. Kitakachopungua leo ni kikomo chako cha jumla. Dola 300 zikiondoka, deni dogo kwenye kadi iliyobaki litaonekana kubwa zaidi kwa uwiano. Dawa yake ni kulipa kadi ya chama kabla taarifa ya mwezi haijatoka, ili kinachoripotiwa kiwe kidogo. Alama zikiyumba kidogo, miezi michache ya kulipa vizuri inazirudisha.

Kabla ya kupiga simu, angalia kama kuna malipo yoyote yanayojikata yenyewe kwenye kadi hiyo, simu au bima, uyahamishe. Lipa deni lote liwe sifuri. Kisha waulize kwanza kama wanaweza kuibadilisha iwe kadi isiyo na ada, akaunti ileile na tarehe ileile ya kufunguliwa. Benki kubwa mara nyingine hukubali. Hizi za kuwinda waliofilisika mara nyingi hazina hata kadi nyingine ya kukupa. Wakikataa, sema unafunga, na ada ya mwaka wa pili hutaki. Kabla ya kukutoza ada ya kuendelea, wanatakiwa wakueleze kiasi chake na namna ya kufunga ili usiilipe. Hiyo ndiyo barua uliyopata, iweke mbele yako ukiongea. Yule wa kwenye simu atakupa ofa: mwezi mmoja bila ada, kikomo cha dola 100 zaidi. Mimi nilikubali ofa ya namna hiyo mara moja na nikajuta. Omba uthibitisho wa maandishi.

Si kila ada ni wizi, nisikudanganye. Kadi yangu ya pili ilikuwa na ada ya dola 39 na niliilipa miaka miwili kwa moyo mmoja, kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa walinipandishia kikomo, kutoka 300 mpaka 1,500, halafu wakaniondolea ada nilipoomba. Hiyo ilikuwa inanipeleka mahali. Yako tangu uipate imekaa kwenye 300 ileile.

Ukishafunga, usiitupe akilini. Angalia taarifa ya mwezi unaofuata, maana ile 6.25 huweza kuingia siku moja kabla ya akaunti kufungwa ikabaki inakudai. Halafu fungua annualcreditreport.com, tovuti ya kuonea ripoti zako za krediti, ni bure kila wiki, uhakikishe ripoti za kampuni zote tatu zinaonyesha akaunti imefungwa kwa ombi lako na salio ni sifuri. Pitia pia madeni ya zamani yaliyofutwa mahakamani. Kwangu mawili yalikuwa bado yanaonyesha nadaiwa, ikabidi niyapinge.

Umesema ada inaingia tarehe 18. Piga wiki hii, asubuhi kabla hujaenda zamu, na ukikwama popote andika hapahapa nitakujibu.