Mwache mzee ashike mwendo

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe na baba yako wa miaka 58 mnaweza kujiandaa hapa Lamu kwa marathoni yenu ya kwanza. Mnaweza, ila kwanza mzee akapimwe presha na moyo, kilomita 42.195 si kutembea hadi uwanja wa Mkunguni pale mjini. Tokeni baada ya swala ya alfajiri, siku ambazo maji yamekupwa, mkimbie ufuo wa Shela kwenye mchanga ulioshikana. Ule mkavu wa juu utamuumiza vifundo. Yeye ashike mwendo, wewe ufuate. Akishindwa kuzungumza huku anakimbia, punguzeni. Mimi nilimtangulia babangu hatua kumi tu, akanifukuza kwa ubishi, tukamrudisha nyumbani juu ya punda.